Nani Anashika Mizani?

Ukiishi Shirere, Rosterman ni jina la mtaa tu. Unamwambia mtu wa boda "Rosterman" na mnaondoka, hakuna anayeuliza jina lilitoka wapi. Lakini kabla ya kuwa mtaa, Rosterman ilikuwa kampuni ya kuchimba dhahabu. Chini ya ardhi ambayo leo tunajengea nyumba za kupangisha kuna mashimo yaliyochimbwa na vijana wa umri wetu, waliohesabiwa siku kwa kadi na kusimamiwa na manyapara, ili mtu aliyenunua hisa ng'ambo apate faida yake. Mgodi ulifungwa 1952. Jina ndilo lilibaki.

Kampuni nyingine kubwa ya upande huu iko safari ya matatu moja kutoka hapa: Mumias Sugar. Hiyo hata sisi tuliozaliwa juzi tuliiona ikiwa hai, tena ikiwa na kiburi, halafu tukaiona ikianguka.

Naziweka pamoja kwa sababu moja. Karibu kila kijana ninayemjua mjini Kakamega ni bosi mdogo au anapanga kuwa mmoja. Huyu ana kinyozi na vijana wawili wanaonyoa. Yule ana pikipiki tatu amewapa watu. Mwingine ana duka la M-Pesa na dada wa kaunta. Sote tunauziwa vitabu vya uongozi vilivyotandazwa kando ya barabara, na kila asubuhi kuna video inayotuambia kiongozi lazima awe na maono, aamke saa kumi alfajiri, ajiamini. Sawa. Lakini sijaona hata kimoja kinachoanza na maswali ambayo mkulima wa miwa wa Mumias angekuuliza kabla hujamaliza kumsalimia: nani anashika mizani, na pesa inatoka lini?

Historia ya kazi katika kaunti hii, ukiisoma polepole, inaonyesha kwamba hayo maswali mawili ndiyo usimamizi wenyewe. Maono yanakuja baadaye.

Kadi

Mwaka 1931, mkulima Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson, aliyekuwa akiishi upande wa Turbo, aligundua dhahabu karibu na Kakamega. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi duniani. Walowezi wa Kenya walikuwa na mahindi na kahawa ambayo haikuwa na bei, kwa hiyo habari ya dhahabu iliwafikia kama habari ya chakula kwa mtu mwenye njaa. Walikuja na mahema, na baada yao zikaja kampuni.

Kabla hata ya jembe la kwanza la kampuni kuingia ardhini, kulikuwa na ahadi iliyohitaji kuvunjwa. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ni yao milele. Kama serikali ingehitaji kipande chake, ingewashauri wenyeji kupitia baraza lao, na ingewapa ardhi nyingine ya ukubwa uleule. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imeshaonekana, sheria ikabadilishwa: ardhi yenye madini ingeweza kuchukuliwa, fidia iwe pesa, na baraza lisubiri. Hata Uingereza kwenyewe kulikuwa na kelele bungeni. Neno "milele" lilikuwa limedumu miaka miwili.

Weka hilo akilini, kwa sababu wazee wa hapa hawakulisahau. Kampuni yoyote iliyokuja baadaye ikiwa na karatasi ya kutia sahihi ilikuta watu ambao tayari walijua karatasi inaweza kufanya nini.

Sasa, ungepataje watu wa kuingia shimoni? Kwanza kulikuwa na kodi ya nyumba, iliyotakiwa kwa pesa taslimu, na pesa taslimu ilikuwa kwa mzungu. Pili kulikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi ya alama za vidole, ikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri aliandika humo ulianza lini, unalipwa kiasi gani, umeondoka lini. Kama hakutia sahihi kwamba amekuachilia, ukienda kutafuta kazi kwingine wewe ni mtoro.

Tatu kulikuwa na kadi. Kenya ya wakati ule, mkataba wa kawaida wa kibarua ulikuwa siku 30 za kazi, na siku hizo zilihesabiwa kwa alama kwenye kadi. Mwezi wa kalenda haukuwa na maana. Ukifanya kazi ukapata alama, siku imehesabika. Ukiugua, mvua ikinyesha, au bosi akisema kazi yako haikufika kipimo, hakuna alama. Ndiyo maana "mwezi" wa kazi uliweza kufika wiki sita. Mshahara ulikuja kadi ikijaa.

Fikiria mamlaka yaliyokuwa mkononi mwa yule aliyeshika kalamu. Kibarua aliingia shimoni alfajiri, akatoka amechoka na vumbi la mawe kifuani, na bado siku yake haikuwa imetokea mpaka mtu mwingine aseme imetokea. Hakuwa na nakala. Hakuwa na pa kulalamika. Neno nyapara tumelibaki nalo mpaka leo, na angalia tunalitumia wapi: gerezani, na kwa bosi tusiyempenda.

Kwa hesabu ya wenye mgodi, mfumo ulifanya kazi. Dhahabu ilitoka, na Rosterman ikawa mgodi mkubwa kuliko yote ya eneo hili. Lakini ulifanya kazi kwa sababu ya vitu viwili ambavyo havikuwa ndani ya ofisi ya kampuni. Kimoja ni polisi, aliyehakikisha kodi na kipande vinaheshimiwa. Kingine ni mke wa kibarua, aliyekuwa nyumbani akilima mtama na maharagwe. Ujira uliweza kuwa mdogo kwa sababu familia ilikuwa inajilisha yenyewe. Kampuni ilimlipa mtu mmoja nusu, na shamba la mama likamalizia.

Usimamizi wa aina hii una udhaifu mmoja mkubwa: unategemea mtu asiweze kuondoka. Siku anapoweza kuondoka, unagundua hukuwahi kuwa kiongozi wa mtu yeyote.

Mkataba

Miaka kumi na tano baada ya Rosterman kufungwa, Kenya ikiwa huru, tatizo lilikuwa sukari. Tulikuwa na viwanda vya zamani kama Miwani na Ramisi, na vipya vya Muhoroni na Chemelil, lakini nchi ilikuwa bado inaagiza sukari kutoka nje. Mwaka 1967 serikali iliipa kampuni ya Uingereza, Booker McConnell, kazi ya kuchunguza kama miwa inaweza kustawi Mumias. Jibu likawa ndiyo. Kampuni ya Mumias Sugar ikaandikishwa 1971, serikali ikiwa na hisa nyingi, na kiwanda kikaanza kusaga 1973. Booker wakapewa kazi ya kukiendesha.

Kama unasoma gazeti la fasihi kama hili, jina Booker unalijua kutoka kwingine. Ndiyo, ni haohao. Tuzo ya Booker ilianzishwa na hiyo kampuni ya sukari, na mshindi wa kwanza akapatikana 1969. Mwaka 1972 mwandishi John Berger aliposhinda kwa riwaya yake *G.*, alisimama mbele ya wafadhili akasema utajiri wao umetokana na jasho la watu wa Karibi, kisha akatangaza kwamba nusu ya pesa hizo atawapa Black Panthers wa Uingereza. Booker walikuwa wametawala sukari ya Guyana kiasi kwamba watu waliiita nchi hiyo Guiana ya Booker. Wakati Berger anasema hayo London, mafundi wa kampuni hiyohiyo walikuwa Mumias wakisimamisha kiwanda.

Ungetarajia basi walete Guyana hapa: shamba moja kubwa, vibarua, manyapara. Shamba la kampuni lilikuwepo, la hekta kama 3,400, na kuna familia zilizolipwa fidia zikahama kulipisha. Lakini hilo halikutosha kulisha kiwanda hata nusu. Ardhi iliyobaki ilikuwa na wenyewe, vipande vidogovidogo, na hakuna serikali ya Kenya huru ambayo ingethubutu kurudia mchezo wa 1932. Ikabidi miwa itoke kwa wakulima, kila mtu kwenye shamba lake. Baadaye wakulima hao wakawa makumi ya maelfu, na karibu asilimia 90 ya miwa ya kiwanda ikawa yao.

Hapa ndipo Mumias inakuwa somo kwa mtu yeyote mwenye biashara. Menejimenti ilikuwa na watu inaowaongoza ambao haikuwa imewaajiri. Mkulima huwezi kumfuta kazi. Huwezi kumwandikia barua ya onyo. Humlipi mwisho wa mwezi. Na bado kiwanda chako, chenye mashine za mamilioni, kinamtegemea apalilie kwa wakati, aweke mbolea shambani badala ya kuiuza, na akusubiri karibu miaka miwili mpaka miwa ikomae.

Mkataba ulifanya hivi. Mashamba yaliyopakana yaliunganishwa kuwa kitalu ili trekta ilime kwa pamoja. Kampuni ililima, ikaleta mbegu na mbolea, ikatuma maafisa wa shambani kukagua. Miwa ikikomaa, kampuni ilileta wakataji na trela za kubeba. Yote hayo yalikuwa mkopo. Mkulima alitoa ardhi na palizi. Siku ya hesabu, gharama na riba zilikatwa, kilichobaki kikawa chake. Kisha visiki vilevile vilichipua tena, mavuno ya pili, na baadaye ya tatu, yakiwa na gharama ndogo na pesa nzuri zaidi.

Na kwa muda mrefu, mambo yalienda. Viwanda vingine vilisuasua, lakini Mumias ikapanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kuna miaka ilitoa peke yake kama nusu ya sukari ya nchi. Pale pembeni ya kiwanda kukawa na nyumba za wafanyakazi, zahanati, uwanja wa gofu wa mabosi, na shule ya watoto wao ambayo mpaka leo inaitwa Booker Academy. Nje ya ua, kukawa na nyumba za mabati mapya na karo zilizolipwa. Wazee wanaokumbuka siku hizo hawakutajii mkurugenzi yeyote kwa jina. Wanakuambia: ukiambiwa trekta inakuja mwezi fulani, ilikuja. Ukiambiwa pesa iko benki, iko.

Sitaki kupaka rangi nzuri kuliko ilivyokuwa. Mkataba uliandikwa kwa jina la mwenye ardhi, na mwenye ardhi mara nyingi alikuwa mwanamume. Palizi ilifanywa na mkewe. Hela ikatoka kwa jina la mzee, na kuna familia ambazo mzee alionekana nyumbani siku tatu baada ya malipo, mfuko ukiwa mwepesi. Shamba lote likiwa miwa, mahindi yalinunuliwa. Ile shamba ya mama iliyomfadhili Rosterman bila kuandikwa kokote, Mumias iliifunika kwa miwa na bado jina la mama halikuandikwa. Ukisimamia watu, kuna wengine wanakufanyia kazi ambao hawako kwenye orodha yako. Usipowajua, siku wakichoka hutaelewa kilichotokea.

Mizani

Udhaifu mwingine ulikuwa barabarani. Miwa ilikatwa shambani mbele ya macho ya mkulima, ikapakiwa, ikaondoka. Ilipimwa kiwandani. Kati ya shamba na mizani kulikuwa na kilomita za vumbi, trela iliyodondosha mabua njiani, watoto waliochomoa mengine, na foleni ambayo miwa ilikaa juani ikipoteza maji. Uzito ulioandikwa ndio uliolipiwa. Mkulima alipata karatasi.

Linganisha na majirani zetu wa chai upande wa Mudete, kule Vihiga. Shirika la chai ya wakulima wadogo, KTDA, lilianzishwa 1964, na jambo moja ambalo lilipanga vizuri ni kituo cha kununulia. Mama anabeba majani yake mpaka kituoni, yanapimwa yeye akiwa amesimama pale, anaona namba, anaandikiwa. Mwisho wa mwezi kuna malipo ya kwanza. Mwisho wa mwaka kuna bonasi. Wakulima wa chai wamelalamika sana juu ya KTDA, tena kwa haki, na mizani ya vituo imeshakuwa na kashfa zake. Lakini ugomvi wao una pa kuanzia: mizani iko mbele yao, na mtu mwenye kuipima wanamjua nyumbani kwao.

Mkulima wa miwa alikuwa na karatasi iliyoandikwa na watu asiowaona, yenye makato aliyoelezwa baada ya kukatwa. Mbolea kiasi hiki. Kulima kiasi hiki. Usafiri. Riba. Wakati mwingine, baada ya miezi ishirini ya kusubiri, chini kabisa ya karatasi kulikuwa na deni. Yaani mtu ametoa ardhi, ametoa jasho, na anaambiwa yeye ndiye anayedaiwa.

Labda hesabu ilikuwa sahihi. Mara nyingi huenda ilikuwa sahihi kabisa. Lakini hesabu sahihi ambayo mtu hawezi kuikagua, kwake yeye haina tofauti na wizi. Kadi ya mgodini na karatasi ya kiwandani ni ndugu: zote mbili zinamwambia aliyefanya kazi kwamba ukweli wa kazi yake uko kwenye daftari la mtu mwingine. Tofauti ni kwamba kibarua wa 1935 alikuwa na kikebe shingoni, na mkulima wa Mumias alikuwa na panga lake mwenyewe na miwa yake mwenyewe.

Siku ya malipo

Novemba 2001 hisa za Mumias zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2003 mkataba wa usimamizi wa Booker ukaisha, wakati huo wakiitwa Booker Tate, na kampuni ikawa chini ya mkurugenzi mkuu Mkenya. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ndiyo kampuni ambayo kila gazeti la biashara lilitaka kuipiga picha. Ilifunga sukari kwenye pakiti zenye jina lake. Mwaka 2009 ikaanza kuzalisha umeme kwa makapi ya miwa, megawati 38, na kuuza mwingine kwa gridi ya taifa. Mwaka 2012 ikafungua kiwanda cha ethanoli. Maono yalikuwepo, tena ya kutosha vitabu vitatu.

Mwaka wa fedha ulioisha Juni 2012, faida ilikuwa kama shilingi bilioni 2. Mwaka uliofuata, hasara ya karibu bilioni 1.7. Kufikia 2018, hasara ya mwaka mmoja ilikuwa imefika kama bilioni 15. Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai, ikaiweka chini ya mrasimu.

Kuna maelezo mengi ya anguko hilo na mengi yana ukweli. Sukari ya bei rahisi kutoka nje. Madeni ya ile miradi mikubwa. Tuhuma za wizi na uagizaji wa sukari kinyemela, zilizofanya bodi iagize uchunguzi na kuwaondoa wakubwa 2014. Siasa, ambayo haijawahi kukosa kwenye miwa. Baada ya hapo wakurugenzi wakuu walibadilishwa kama makocha wa timu inayoshuka daraja, na kuanzia 2015 serikali ikawa inaingiza mabilioni ya kuokoa kampuni.

Mimi naangalia kilichotokea shambani, kwa sababu mashine za umeme na ethanoli zote zinakula kitu kimoja. Hazikukosa wataalamu. Zilikosa miwa.

Mkulima alikuwa ameshaanza kuondoka. Malipo yalichelewa wiki, yakachelewa miezi, kisha yakachelewa mpaka mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo. Miwa iliyokomaa ilikaa shambani bila kukatwa mpaka ikakauka, kwa sababu trekta haikuja. Wakati huohuo kulikuwa na wanunuzi wengine. West Kenya, wale wa Kabras, walikuwepo kwa miaka. Butali nao wakaanza kusaga 2011. Kulikuwa na viwanda vidogo vya sukari guru. Hawa walikuja na pesa mapema. Basi mkulima ambaye mbegu na mbolea yake ilitoka Mumias aliuza miwa kwa mwingine, wakati mwingine usiku. Mumias ikabaki na deni lisilolipwa na kiwanda kisicho na cha kusaga. Kwa sababu haina cha kusaga, haina pesa. Kwa sababu haina pesa, inachelewesha malipo zaidi. Kwa sababu inachelewesha, wengine wanaondoka.

Kampuni iliita huo wizi wa miwa. Kisheria walikuwa na hoja: mkataba ni mkataba, na mkopo ni mkopo. Lakini tujiulize nani alivunja kwanza. Mtu aliyeahidiwa pesa na akasubiri miezi tayari amejua kwamba tarehe kwenye mkataba inamfunga yeye tu. Babu yake alikuwa ameona "milele" ya miaka miwili. Mkulima hagomi kwa mabango. Hatoi notisi ya siku saba. Anaacha tu kupalilia, au anang'oa visiki na kurudisha mahindi, na ofisini mnagundua baada ya miezi kumi na minane.

Wafanyakazi wa kiwandani nao hawakupona. Mishahara ilikaa miezi bila kutoka, na mji mzima wa Mumias ukaanza kukopeshana: mwenye nyumba akamvumilia mpangaji, mwenye duka akafungua daftari, mpaka daftari likajaa na duka likafungwa. Kampuni ikikosa tarehe moja, tarehe za watu elfu zinavunjika pamoja nayo.

Desemba 2021 kiwanda kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai Group kwa miaka 20, kesi zikafuata mahakamani, na usagaji ukarudi mwaka uliofuata. Watu wengi wanajadili nani mwenye haki ya kukiendesha. Hilo ni la majaji. Mwenye kukipata, yeyote yule, atakuta mashamba yaleyale na watu walewale wenye kumbukumbu ndefu, na mashine hazitamsaidia kuwarudisha.

Sisi mabosi wadogo

Kuna mtu atasema: hayo ni mambo ya kampuni kubwa, mimi nina vijana wawili wa kinyozi. Mimi naona ni kitu kilekile. Vijana wa kinyozi wengi hawalipwi mshahara, wanagawana na mwenye duka kwa kila kichwa. Nani anahesabu vichwa? Kama ni wewe peke yako, jioni, kwenye daftari lako, basi wewe ndiye mwenye kadi ya Rosterman, hata kama unawaita "familia" na kuwanunulia soda Krismasi. Mtu wa boda anayekuletea pesa ya siku kila jioni: mlikubaliana nani analipa pikipiki ikiharibika, na mliandika? Au unakata kwanza halafu unaeleza? Dada wa kaunta, pesa ikipungua unamkata. Je, pesa ikizidi unampa?

Ubaya wa kuwa bosi mdogo ni kwamba vijana wako, kama mkulima wa miwa, hawana kipande shingoni. Wanaweza kuondoka. Na wataondoka kimya: wateja wazuri watachukuliwa namba, wanyolewe nyumbani Jumapili. Wewe utaiita hiyo tamaa ya vijana wa siku hizi.

Ukiniuliza historia ya hapa inamshauri nini mtu anayeanza kuajiri, nitataja mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kuamka saa kumi. Pima mbele ya yule anayepimwa, na mwachie nakala. Eleza kila kato kabla ya kukata. Taja tarehe unayoweza kuitimiza hata mwezi mbaya, kisha itimize, na ukiona huwezi, sema kabla haijafika, kwa sababu kuna mwenye nyumba na mwalimu mkuu wanaoisubiri tarehe hiyohiyo bila wewe kujua.

Booker hawakuwa watu wema. Berger alisema ukweli wao mbele ya macho yao. Lakini kwa miaka mingi pale Mumias trekta ilikuja ilipoahidiwa, na hilo lilitosha kufanya watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuamini karatasi za wageni wapande miwa kwenye ardhi yao wenyewe. Waliofuata walikuwa watu wetu, walijua lugha, walijua matanga ya kuhudhuria na mikono ya kushika. Mkulima aliwapokea vizuri, akawapa chai. Halafu akauliza pesa inatoka lini.